Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Waswidi wa kaskazini wakikubali jambo hawasemi ndiyo, wanavuta hewa. Hhp! Basi, mmeshapatana. Adelina alipokutana na Bi Ingegerd mara ya kwanza alidhani mama wa watu ameungua na kahawa, akamkimbilia na glasi ya maji, na wanawake wengine wakacheka mpaka wakajipangusa macho. Hata Domina, binti yake Adelina wa miaka minane, alikuwa ameshaiokota tabia hiyo shuleni. Umemaliza kula? Hhp! Umenawa? Hhp!

"Sema kama mtu!" Adelina alimfokea. "Wewe ni Mhaya, si pampu ya baiskeli."

Bi Ingegerd ndiye aliyepewa na kampuni kazi ya kuhamisha familia. Kampuni ya Evodius, mume wa Adelina, ilikuwa inajenga kiwanda cha karatasi Malaysia, ng'ambo kidogo ya kisiwa cha Penang, na mainjinia watano wangehamia huko na wake zao na watoto kwa miaka mitatu. Asiyekuwa tayari kwenda na familia, nafasi yake ingepewa mwingine. Waume walichaguliwa na kampuni, lakini ufuko wa kuishi uliachiwa wake zao wauchague. Ndiyo mambo yao hayo. Kwa hiyo Jumatano moja ya Novemba 1986, nje theluji ya majimaji ikiinyeshea Stockholm na giza limeshaingia kabla watu hawajatoka kazini, wanawake watano walikaa kwenye ofisi yenye joto, wakila maandazi ya mdalasini na kutazama bahari ya Asia ukutani, picha moja baada ya nyingine.

Waliuliza maswali hayo! Yavuyavu wa baharini wanauma miezi gani? Yaya analala ndani au nje? Wawili walitaka Batu Ferringhi, kwenye mchanga mpana. Wawili walitaka Tanjung Bungah, karibu na shule. Basi la watoto lilikuwa moja, kwa hiyo wote lazima wakae sehemu moja. Macho yote yakamgeukia Adelina.

"Mimi bado," alisema.

Na hiyo bado ilikuwa na jina: Januari. Ndilo jina alilompa mwanawe wa pili, aliyezaliwa mwezi huo, mwaka wa themanini na tatu, hapo hapo Stockholm, akiwa ameshakufa. Kwao Bukoba mtu hulazwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, karibu na waliomtangulia. Adelina alikuwa amemwambia mumewe waziwazi: "Baba Domina, nitachagua bahari yoyote unayotaka, hata ya moto. Lakini kwanza tumtoe Januari, tumpeleke nyumbani kwa bibi yake. Simwachi mwanangu kwa watu wasiomjua hata jina."

"Tutaona," Evodius alijibu. Tutaona ya mwanamume aliyebanwa! Wake za watu wanaijua.

Kila Jumapili baada ya kanisa walikuwa wakishuka kwenye bustani ya makaburi, mpaka chini ya mti mmoja wenye gome jeupe. Evodius ndiye aliyemwonyesha: hapa. Hapakuwa na msalaba wala jina. Alimwambia ndiyo desturi ya hapa kwa vichanga, na Adelina akaamini, maana watu wanaosema ndiyo kwa kuvuta hewa watashindwa nini? Kitu kimoja tu kilimkera. Kila akiacha mshumaa chini ya mti, Jumapili ya pili anaukuta umehamishwa, umepangwa kule kwenye mawe pamoja na mishumaa ya watu wengine. "Wana roho mbaya hawa," alikuwa akinung'unika, na anaurudisha.

Jumapili iliyofuata alikuja na mshumaa, kiberiti na shauri lake.

"Kesho nakwenda ofisi ya makaburi. Nawauliza tunamtoaje."

Evodius akakaa chini kwenye theluji. Mtu mzima, na suruali yake ya kanisani.

"Hayupo hapo," alisema.

"Nani hayupo?"

"Januari. Adelina, nisikilize. Siku ile wewe ulikuwa hujitambui. Nesi akanifunulia nimwone. Alikuwa na masikio ya baba yangu, yamechomoza hivi. Nikashtuka, nikavuta pumzi." Akavuta, hhp. "Kumbe nesi alikuwa ananiuliza kama hospitali ishughulikie kila kitu. Swali lenyewe sikulisikia. Alikuwa mtu wa kaskazini. Akanishika bega, akanishukuru. Niliporudi kumchukua, walikuwa wameshamchoma. Majivu yake yako humu bustanini pamoja na ya watu wengine, na mahali penyewe hawamwambii mtu. Ndivyo bustani hii ilivyo. Hata mishumaa huwekwa kule kwenye mawe tu."

"Na mti huu?"

"Niliuchagua."

"Uliuchagua."

"Ulikuwa unalia, unataka uonyeshwe. Ningekuonyesha nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hii ya Evodius ilikaribia miaka minne, na kila Jumapili aliikanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Adelina alimpiga na mkoba kichwani, mara moja, kisha mkoba ukamponyoka. Alimchukia. Tusifichane, saa ile alimchukia sana, na alimhurumia pia, na hakujua aanze na lipi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa wazazi walikuwa wawili. Walirudi nyumbani kwao Hallonbergen. Domina akauliza kwa Kiswidi kuna nini, akaambiwa akale.

Jumatano ikafika, siku ya mwisho ya kuchagua, na safari hii waume pia walikuwepo, na bosi wao. Evodius alikaa karibu na mlango, makoti yote mawili mapajani. Adelina alikuwa hajui atasema nini. Akienda, nani atabaki Stockholm anayejua kwamba humo bustanini kuna mtu anaitwa Januari? Asipoenda, anabaki na nini? Na mti?

Bi Ingegerd akabadilisha picha. "Hii ni Tanjung Bungah. Adelina mpenzi, tuseme hapa?"

Kwenye picha kulikuwa na mtoto wa kiume, wa miaka mitatu minne hivi, amechuchumaa mchangani, kawapa mgongo. Masikio yake yalikuwa yamechomoza.

Pumzi ikamkata Adelina. Hhp.

"Vizuri sana!" alisema Bi Ingegerd, na wanawake wakapiga makofi. Mmoja akamkumbatia.

Ndipo makoti yakaanguka sakafuni.

"Hapana," Evodius alisema kwa Kiswidi, amesimama. "Hajasema ndiyo."

"Lakini nimemsikia mwenyewe, Evodius."

"Umemsikia mtu akiumia. Kwetu hiyo si ndiyo. Muulize tena, halafu msubiri ajibu kwa mdomo wake."

Bosi wake akamtazama, na Evodius alijua anatazamiwa nini: akae, nafasi isimponyoke. Hakukaa.

Bi Ingegerd, akiwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni, akauliza tena, polepole.

"Nej," alisema Adelina. Kisha akamgeukia mumewe, akarudia kwa Kiswahili. "Hapana, Baba Domina. Siendi."

Penang akaenda mwingine na mkewe. Evodius alijua hivyo tangu walipokuwa wakishuka ngazi, na ndani ya treni ya kurudi nyumbani alikaa ameshika kofia yake mpaka walipokaribia kushuka.

"Jumapili nikupeleke?" aliuliza.

"Mtini kwako sirudi," alisema Adelina. "Nitaizunguka bustani yote. Na wewe utazunguka nami. Hatujui tunampitia wapi."

Evodius akainamisha kichwa.

"Basi tutatembea polepole," alisema.