Kitenge Chini ya Kidevu

Lori lilipunguza mwendo kwenye matuta ya Mlowo, breki zikatoa pshii, na Ferista akaganda na kamera yake shingoni. Pumzi ile aliijua. Ndivyo alivyohema mama yake miezi ya mwisho, rovu likimbana koo, wakiambiwa wasubiri kahawa inunuliwe ndipo wafikirie upasuaji. Na sasa mama mwenyewe huyo, kachorwa mlangoni mwa lori la kampuni ya kahawa, anatabasamu kuelekea Tunduma.

Jamani, mtu anaota mchana kweupe? Akasogea. Kitenge kimezungushwa kichwani, kikapita chini ya kidevu, kikachomekwa nyuma ya sikio la kushoto. Mbozi nzima hakuna mwanamke anayejifunga hivyo. Ferista ndiye aliyemfunga siku ya kumpiga picha, ili kulificha rovu. Mchoraji kaliondoa rovu, kitenge cha kulifichia kakiacha.

Picha ile aliichapisha kwa Yonasi, mwenye steshenari, siku ya msiba. Kwa haraka ya kuwahi mazishi akaiacha kwenye kompyuta, kama wanavyoacha za kwao watu wote wa Mlowo. Yonasi huyohuyo huchora mabango na nembo. Ferista alipomfuata kumuuliza, Yonasi hakunyanyua macho.

"Dada, mimi naletewa kazi, nachora. Sura za akina mama zinafanana."

Tangu hapo Ferista hakuwa na raha. Breki zikihema barabarani, anaitika, "Abee, mama!" Wateja wanacheka.

Kwenye kamera, picha ya mama alishaifuta ili apate nafasi ya picha za harusi. Ilibaki moja tu, ya fremu, iliyopigiliwa kwenye msalaba wa kaburi. Akaing'oa bila kumwambia baba yake, akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo ofisini kwa kampuni ile ya kahawa.

Meneja aliigeuza fremu huku na huku.

"Unataka nini hasa, binti?"

"Mumtoe. Au muandike jina lake. Anaitwa Marta."

"Nembo hii imesajiliwa. Ni mali yetu. Wewe nani kakuruhusu kutumia sura hii?"

"Sura ya mama yangu?"

"Punguza sauti, hapa ni ofisini." Akaitia fremu kwenye droo, akazungusha ufunguo. "Hii inabaki kwa mwanasheria. Na shukuru sijaita polisi."

"Ni ya kaburini, baba. Nakuomba."

"Karibu tena."

Alitoka na kanga tupu mkononi, na garini akasahau kudai chenji ya nauli.

Nyumbani alimkuta baba yake, Mzee Hezron, ameinama mbele ya msalaba katikati ya mibuni, anapapasa misumari.

"Nani kamchukua mama yako?"

Ferista alitaka kumwambia, akaogopa atakwenda kugombana na kampuni. Kahawa yote ya mzee ilikuwa ghalani kwa kampuni ileile, bado haijalipwa, na mnunuzi mwingine hakuna. Akalia tu, mzee akadhani ni wezi.

Asubuhi aliamshwa na nyundo. Alikimbia na miguu mitupu hadi kaburini. Baba yake alikuwa amekata gunia tupu la kampuni kwa panga, akakinyoosha kipande chenye nembo na kukipigilia msalabani kwa misumari ileile.

"Nimempata," alisema, uso umemchangamka. "Mwangalie, ndiye yeye kabisa. Hata shingo imepona."

Chini ya kidevu, kwa herufi nyekundu, gunia lilisema: MALI YA KAMPUNI. HAIUZWI.