Mwalimu Aliyesimamishwa

Fundi cherehani alimtoa mkewe mwiko mkononi, akapunguza moto, akaendelea kukoroga mchuzi mwenyewe. Mke alisimama wima, mkono juu, mdomo wazi katikati ya neno. Mahali fulani mjini mwanafunzi alikuwa amesimamisha video.

Mambo yalianza shule ilipoamua kwamba watoto watazame masomo nyumbani kwenye simu, darasani wafanye mazoezi tu. Mke wa fundi, aliyekuwa mwalimu, alirekodi hisabati ya mwaka mzima hapo sebuleni, na fundi akanyamazisha cherehani yake. Kazi ilipokwisha, mkuu wa shule alimshukuru sana, akamwambia kwamba kwa kuwa video zipo, asijisumbue kuja tena. Mazoezi yangesimamiwa na mtu wa kujitolea.

Tangu hapo, video ikifunguliwa, mwalimu hufundisha, awe anafua au anachana nywele. Wakimrudisha nyuma, hurudia. Wenye haraka wakiongeza mwendo, huongea mbio mbio hadi apaliwe, na fundi humpa maji. Wateja wamezoea; hungoja somo liishe ndipo wamsalimie.

Safari hii mchuzi ulikuwa umeshaiva alipozinduka.

"Yule yule?" fundi aliuliza.

"Yule yule. Kila nikifika kwenye kugawanya sehemu, mdogo wake analia, ananisimamisha, anakwenda kumbembeleza. Akirudi kila kitu kimemtoka. Namsikia, maskini."

"Sasa?"

"Nipe kitambaa."

Fundi akampa kipande cha kanzu ya mtu. Mwalimu alikikunja nusu, akakikunja tena, akieleza polepole. Kesho yake wanafunzi wote walikiona kitambaa kile ndani ya video, na hakuna aliyeuliza kimetoka wapi.

Fundi alivaa shati lake zuri akaenda kwa mkuu wa shule.

"Mke wangu bado anafanya kazi yako," alisema.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo maswali yao anayajibu?"

"Anayajibu."

"Akiwa huko huko nyumbani?"

"Ndiyo."

Mkuu alifurahi kwelikweli. "Mpe hongera. Basi hata huyu wa mazoezi hatumhitaji."

Fundi alirudi, akasimulia neno kwa neno. Mwalimu alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Zifute hizo video," fundi alisema.

"Na yule mtoto nimwachie nani?"

Fundi akarudi kwenye cherehani. Mkewe alimfuata, akamwekea mkono begani, akainama kumwambia jambo, na hapo hapo akasimamishwa.

Gauni la bibi harusi lilikuwa linangojwa, na mkono ule ulikuwa mzito. Fundi aliweka mkasi chini, akatulia tuli, asije akautikisa, mpaka yule mdogo, mtoto wa watu, apate usingizi.