Turubai la Kupitisha Hewa

Jumamosi saa tatu asubuhi fundi wa maturubai alipiga magoti nyuma ya gari-nyumba la Mkaguzi, akabana ncha ya futikamba kwenye bampa kwa kidole gumba, kisha akaenda nayo hadi mbele akiifungua polepole. Mita saba na sentimita ishirini. Akafunua daftari. Miezi miwili nyuma, alipolishonea turubai la kwanza, gari lilikuwa mita sita na themanini. Akapima tena akianzia mbele, maana futikamba ikishikwa vibaya hudanganya. Ikawa ile ile.

"Limeongezeka," alisema.

"Matunzo," alijibu Mkaguzi.

Fundi akaandika. Alikuwa ameshonea watu maturubai kwa miaka ishirini na miwili, na alijua kitambaa hurudi kikilowa na kamba hulegea juani. Kama magari nayo yanaongezeka, basi yanaongezeka, na kazi yake ni kukata kwa kipimo.

Mkaguzi hakuwa mkaguzi tena. Alikuwa mstaafu, lakini jina lilimganda, naye hakujisumbua kulibandua. Kwa miaka thelathini na mmoja alizunguka masoko akikagua mizani. Aliwavunjia wauza nyama mawe ya uzani yaliyopungua gramu tano, akawatoza faini wauza vitambaa kwa unene wa kucha. Siku alipopata kiinua mgongo chake alikwenda kununua gari lenye kitanda, jiko, sinki na choo kidogo kama kabati, akaja nalo hadi nyumbani akipiga honi mtaa mzima, na alipofika getini ndipo ikajulikana kwamba hakupima geti. Gari lilizidi kwa nusu mita. Akili nyingi huondoa maarifa. Geti likavunjwa, na kipande cha ukuta kikafuata.

Alisema amelinunua kwa ajili ya mama yake, ili azunguke aone nchi kabla hajafumba macho. Alilisema hilo kwa majirani, kwa waliokuwa wenzake kazini, na kwa yeyote aliyesimama karibu. Mama akafunga begi lake siku hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye begi lilikuwa bado limefungwa. Akitaka kuvaa hutoa nguo moja, akishaifua na kuikunja huirudisha, akavuta zipu.

Safari haikukosa sababu ya kuahirishwa. Kiangazi kina vumbi, masika yana matope, na katikati ya kiangazi na masika kuna mashimo barabarani yanayolegeza bawaba za makabati. Ikabaki kulihifadhi, na hapo ndipo Mkaguzi alipopata wito wake uzeeni. Gari lilikuja na kitabu kinene cha maelekezo. Alikisoma chote isipokuwa ukurasa wa kwanza, ule unaoeleza namna ya kuliwasha. Akajua kwamba maji yote hutolewa kwenye tangi na mabomba yasije yakaoza, betri hung'olewa ikawekwa pakavu, magodoro husimamishwa yasishike kuvu, na tairi hupumzishwa kwa kuinua gari juu ya magogo. Akajua pia kwamba gari lisizibwe. Lifunikwe kwa turubai la kupitisha hewa lililotandazwa juu ya nguzo, na kati ya turubai na bodi ibaki nafasi ya mkono mmoja kila upande, hewa izunguke.

Lilazwe wapi? Barabarani baraza la mji lilikataza. Alikwenda kutazama uwanja wa kukodi pembeni mwa mji akakuta njiwa, na njiwa hawana adabu. Likabaki uani. Na ua ulikuwa na mambo yake: nyumba yenye sebule na vyumba viwili, jiko la nje, na nyuma kabisa chumba cha mama.

Sentimita zile arobaini zilikula nafasi ya hewa upande wa jiko. Mkaguzi akalibomoa jiko. Mkewe akahamishia chungu barazani, na mvua ikinyesha alipika akiwa na mwavuli. Fundi alipokuja kufunga turubai jipya alivua viatu, akaruhusiwa kuingia garini kutia alama za madirisha, akakuta gari limeota jiko. Lilikuwa na dirisha mbele ya sinki kama lile lililobomolewa, mafiga manne ya gesi, na msumari wa kutundikia kanga ya jikoni ulioko juu kidogo, kwa kuwa mke wa Mkaguzi ni mrefu.

Mke alikuja akachungulia kwa nje.

"Manne," alisema, akarudi barazani kukoroga.

Robo ya mwaka iliyofuata gari likaongezeka nyuma, na chumba cha watoto kikaondoka. Ndani vikaota vitanda viwili vya kupandana, cha juu kikiwa na ubao wa pembeni, maana yule mdogo hugaagaa usingizini. Shuka zilikuwa zimetandikwa tayari. Watoto wakalala sebuleni, katikati ya betri na magodoro ya gari yaliyosimamishwa ukutani yasipate unyevu. Waliambiwa wasiyaegemee.

Majirani walikuja kutazama kupitia vioo, wakasifia. Wakasema gari la namna hii mjini hakuna, na Mkaguzi akavimba. Mmoja alimuuliza mbona halikaliwi. Mkaguzi akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wauza nyama. Gari likishashika harufu ya watu, alieleza, limekwisha. Fundi alikuwa juu ya ngazi akikaza kamba. Alisikia, akajisemea moyoni kwamba maskini akipata, matako hulia mbwata. Moyoni. Kwa mdomo aliomba ashikiwe ngazi.

Siku ya kupima chumba cha mama alikuta mama mwenyewe amekaa kizingitini na begi miguuni. Chumba kile kilijengwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na ndani yake, kwenye kitanda ambacho bado kilikuwapo, ndipo alipomzaa Mkaguzi. Paa lilikuwa likivuja pembe moja tangu mwaka juzi. Mwanawe alikuwa ameahidi kuliziba, lakini bati zilizonunuliwa ziliishia kwenye kibanda cha tangi la gari.

Mkaguzi alimweleza mama yake kuhusu nafasi ya mkono mmoja. Alieleza vizuri, kwa upole, akinyoosha mkono wake mwenyewe kama kipimo.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Sawa, baba. Na mimi utanihifadhi wapi?"

"Mama, turubai ni kubwa. Pale ubavuni kuna kivuli siku nzima. Hata mvua haikufikii."

Mama akamtazama fundi, kana kwamba kulikuwa na jambo fundi angeweza kuongeza. Fundi akatazama futikamba. Jumanne yake chumba kilikuwa kifusi, na kitanda kilivunjwa miguu ikawa magogo ya tairi ya nyuma. Mama akatandikiwa mkeka kwenye ule ujia wa hewa, kati ya gari na turubai, mahali penye upana wa mkono mmoja. Alilalia ubavu. Kikohozi kilianza juma la pili.

Fundi alipoingia garini kutia alama alikuta chumba kimeota nyuma ya vitanda vya watoto. Kitanda kilikuwa kifupi, mtu akikaa nyayo zifike sakafuni. Kutoka kitandani hadi chooni palikuwa na bomba la kushika ukutani. Dirisha lilitazama mashariki, jua la asubuhi liangukie magoti. Chini ya dirisha palikuwa na kibao chenye upana wa begi.

Alipotoka alimwinamia mama pale mkekani, akamnong'oneza.

"Mama, chumba chako kimeota mle ndani."

"Najua. Nilikisikia. Kilikuwa kinasaga kama mtoto anayeota meno."

Tangu siku hiyo mama akipita karibu na mlango wa gari, mlango unafunguka wenyewe na kidato cha kupandia kinashuka hadi chini, taratibu, kikagusa udongo mbele ya miguu yake. Mama husimama kidogo, kisha huenda zake. Mkaguzi alisema springi imelegea. Akamleta fundi wa makufuli, zikafungwa komeo mbili, na fundi wa maturubai akaagizwa turubai jipya lisilo na upenyo wa mlango.

"Shona moja kwa moja," alisema Mkaguzi. "Vumbi linapenda matundu."

Fundi alikwenda nalo kibandani kwake akalikata. Cherehani ilikimbia siku mbili nzima. Siku ya tatu alifika pale ambapo mlango ungekuwa, akasimamisha mguu, akakaa na hasira yake. Alimchukia Mkaguzi. Alijichukia na yeye, aliyepima kila kilichobomolewa na kuandika kila sentimita kwa mwandiko safi. Akatoa zipu ndefu, nyeusi, ya kazi nzito, akaishona hapo na kuifunika kwa pindo ili isionekane. Na maneno akayatayarisha. Mkaguzi akiiona zipu na kuuliza, ataambiwa neno moja baada ya jingine, yote ya mwaka mzima, na akitaka amtafute fundi mwingine.

Baada ya kulifunga alimwonyesha mama. Akanyanyua pindo, akavuta zipu hadi chini. Nyuma yake mlango wa gari ulikuwa umekwisha kufunguka, komeo zote mbili zikining'inia, na kidato kimeshuka.

"Ingia, mama. Hayupo. Amekwenda kutafuta sumu ya panya."

Mama aliishika zipu, akaipandisha hadi juu, akalishusha pindo na kulinyoosha kwa kiganja.

"Nyumba ya mume wangu niliingia kwa kupokelewa. Ya mwanangu nitaingia akinikaribisha. Sijawa mwizi, mwanangu."

"Hatakukaribisha."

"Basi nitangoja. Nilimngoja miezi tisa, na kule hakukuwa na kitabu."

Akakohoa, akakaa mkekani, akaegemea begi. Fundi akainama. Akakusanya nyuzi zake.

Zipu ilikaa juma moja. Mkaguzi aliyegundua gramu tano masokoni asingeshindwa kuona pindo lililonenepa. Akamwita fundi, akamsimamisha hapo hapo, akanyanyua pindo na kupitisha kidole kwenye meno ya zipu, jino kwa jino, kutoka juu hadi chini. Mama alikuwa ameketi miguuni pao. Fundi akavuta pumzi. Maneno yote yalikuwa yamekaa kinywani, tayari.

"Umefanya jambo," alisema Mkaguzi. "Mimi mwenyewe sikulifikiria. Hapa ndipo hewa itakapoingilia."

Akaivuta zipu kwa upana wa shubiri moja. Upepo mwembamba ukapita ndani, na gari likatoa sauti kama mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingo. Mkaguzi akaridhika. Kisha akatazama chini, akaona mkeka umekaa njiani kwa hewa.

"Mama, samahani. Ukikaa hapa unaziba. Na hicho kikohozi, upepo unakisukuma chote kwenye rangi. Unyevu ndio adui mkubwa, kitabu kimesema. Hamia upande wa pili, kule ukutani."

Mama akainuka kwa kushika nguzo. Fundi alimsaidia kukunja mkeka. Yale maneno ya mwaka mzima akayameza, moja moja, kama vidonge visivyo na maji, na alipoona Mkaguzi bado anamtazama kwa shukrani akasema, "Karibu." Mkaguzi akamwambia kwa kazi nzuri kama hiyo hatampa mtu mwingine turubai lake.

Mwezi uliofuata fundi alipigiwa simu. Akafika Jumamosi saa tatu, akapiga magoti, akapima urefu. Haukubadilika. Akapima kimo. Hakikubadilika. Akazunguka upande wa ukutani, mahali mama alipohamishiwa, akakuta gari limeongezeka ubavu ule wote. Lilikuwa limetoka hadi karibu na mkeka, likainamisha kipande kidogo cha bati juu ya kichwa cha mama, pale turubai lilipokuwa likivuja. Dirisha la mashariki lilikuwa limehama likaja upande ule, ingawa jua haliwezi kupita ukutani. Mlango nao ulikuwa umehama. Ulikuwa wazi, na kidato kimeshuka hadi kwenye ukingo wa mkeka.

"Ngapi?" aliuliza Mkaguzi kutoka upande wa pili. Alikuwa akifuta vioo.

"Sentimita sitini."

"Na mlango?"

"Umekuja huku."

Mkaguzi akazunguka, akaangalia, akafikiri. Akanyoosha mkono wake kati ya gari na ukuta. Haukuenea. Ukuta ulikuwa wa jirani, na jirani hakuwa mama.

"Basi mama arudi upande ule wa kwanza," alisema. "Zipu tutaihamishia huku. Andika."

Fundi akaandika sitini.

Mama akafunga mkeka wake, akachukua begi. Kati yake na upande wa kwanza palikuwa na kile kidato, kimenyooka mbele yake, kikavu, kimefutwa vumbi. Mwanawe alikuwa amesimama pale pale akimtazama, na mama akangoja kidogo, akimpa nafasi ya kusema.

"Angalia usikikanyage," alisema Mkaguzi.

Mama akainua gauni kidogo, akashika bega la fundi, akakivuka kwa uangalifu, mguu wa kwanza, kisha wa pili.