Beseni la Mikono

"Aombe radhi tu," alisema Mwalimu Hallam. "Neno moja, yaishe."

Genty alikuwa amesimama. Kiti alikaribishwa, lakini tangu aingie ofisini mle hakukigusa. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akazichezea funguo za gari mfukoni mpaka Mwalimu Hallam, naibu mwalimu mkuu, akashindwa kuvumilia, akamwomba aache.

"Hataomba," alisema Genty. "Na hata akitaka yeye, mama yake hatakubali. Mtoto kaambiwa asuuze vitambaa vya kupigia deki kwenye beseni la vyombo!"

"Aliyemwambia ni mwalimu wa mapishi, si mimi. Na Delaia akamwita mchafu mbele ya darasa zima."

"Sasa kwetu mtu wa namna hiyo ungemwitaje?"

Akajutia ulimi wake papo hapo. Halmashauri ilimwajiri asimame katikati ya shule na watu wake, Wajipsi wanaoishi kwenye matrela kule nyuma ya kiwanda cha matofali, ili watoto wao wasome. Katikati! Neno hilo ni tamu kulisema. Aliyewekwa hapo ndiye anayejua utamu wake. Walimu walimwona wakili wa wakorofi. Kwenye matrela, baadhi ya wanawake walishaanza kumwita "mwalimu", na hawakuwa wakimsifu.

"Asiporudi Jumatatu nitalifuta jina lake," alisema Mwalimu Hallam. Hakusema kwa ubaya. "Wako watoto wengine wanaosubiri nafasi."

Delaia alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika ukoo wao mzima hakuna aliyewahi kuvuka shule ya msingi. Genty alimfundisha kusoma mwenyewe, ndani ya gari, mvua ikinyesha.

"Basi twende ukaongee na mama yake," alisema. "Sasa hivi. Gari iko hapo nje."

Njiani alimpa mgeni wake masharti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine hewani. "Chai usikatae. Mkoba usiuweke mezani, maana unakaa sakafuni huo. Na mabeseni usiyaguse kabisa, kila moja lina kazi yake. La vyombo ni la vyombo, la nguo ni la nguo, la mikono ni la mikono. Ukichanganya, kitu kimekwisha, hakuna sabuni ya kukirudisha."

"Kwa sababu ya vijidudu?"

"Vijidudu wapi! Kuna uchafu na kuna najisi, mwalimu. Matope ni uchafu tu, utafua yatatoka. Hii nyingine ndiyo tunayoiita mokadi."

Vashti, mama yake Delaia, aliwapokea mlangoni mikono kifuani. Alimkagua mwalimu toka viatu mpaka nywele. "Haya ingieni, joto linatoka," alisema. Ndani, bibi Sabaina, mama mkwe wake, alikuwa amekaa pembeni kwenye mito, na Delaia amejibanza ubavuni kwake akijifanya hasikii lolote. Trela iling'aa kila mahali. Vashti akafungua kabati la vioo, akatoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, akamimina chai. Genty alipoona vikombe vile, ambavyo mtu wa nje hapewi, moyo ulimruka kwa furaha.

Mwalimu Hallam hakukosea kitu. Alikunywa chai yote, akala keki, na mkoba aliupakata muda wote kama mtu aliyebeba kuku kwenye basi.

"Binti yangu angefukuzwa kwa utukutu, ningenyamaza," alisema Vashti. "Huyu mtukutu, nisikufiche. Lakini kwa usafi?"

"Mama!" alisema Delaia.

"Mama nini? Mwalimu, unajua kinachomliza huyu? Si hesabu. Ati wiki ijayo mnapasua jicho la ng'ombe darasani, na yeye atalikosa. Jicho! Nimezaa mchinjaji mimi."

Bibi Sabaina akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu naye akacheka, kicheko cha kweli, na akasema hata yeye siku ya jicho hujificha ofisini. Delaia akainua uso kwa mara ya kwanza.

Mambo yalikuwa yanalainika, na kwa ajili hiyo hiyo Genty akashindwa kukaa. Ndivyo alivyo. Akiogopa au akifurahi, mikono yake hutafuta kazi. Aliinuka, akakusanya vikombe, akasogea karibu na mlango palipokuwa na beseni la maji, huku sikio lake likiwa bado kwenye maongezi. Shuleni, kwenye chumba cha walimu, sinki ni moja tu: la mikono, la vikombe, la kitambaa cha mfagizi. Miaka yote hiyo alikuwa akisuuza kikombe chake humo na kuondoka. Mikono ikafanya ilichokizoea. Vikombe vyote vilikuwa vimeshazama majini alipogundua kwamba nyuma yake hakuna anayeongea.

"Genty," alisema Vashti taratibu. "Hilo la mikono."

Genty akageuka. Masikio yalimwaka moto.

"Nimesahau," alisema, na lisilosameheka lilikuwa hilo hasa. Kwao hakuna anayesahau. Mtoto anayetambaa hupigwa kofi dogo la mkono akilisogelea beseni lisilo lake, na limekwisha, anajua mpaka kufa.

"Tulimtuma shule atuletee habari," alisema bibi Sabaina kutoka pembeni. "Katuletea shule yenyewe."

Vashti hakugomba. Alivitoa vikombe kwa kitambaa, akatoka nje, na waliobaki ndani wakasikia vikipasuka juu ya matofali, kimoja kimoja, bila haraka. Aliporudi, mwalimu alikuwa amepauka.

"Vilikuwa vizuri mno," alisema.

"Vya arusi yangu."

"Visingeoshwa tena tu? Kwa maji ya moto?"

"Vimeshaoshwa, mwalimu," alijibu Delaia. "Ndiyo shida yenyewe."

Mwalimu Hallam alitazama mlangoni ambako Vashti alitokea, akamtazama mtoto. "Na siku ile darasani," aliuliza, "ungekula mlichopika?"

"Ningetapika."

"Kumwita mwalimu mchafu si adabu."

"Najua. Lakini sikujua neno lingine la kwenu."

Mwalimu akaufungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Radhi sizitaki," alisema mwishowe. "Nitanunua mabeseni. Na mwalimu wa mapishi niachie mimi."

"Jumatatu atakuja," alisema Vashti. "Nitamleta mimi." Siku zote watoto wa pale walikwenda shule kwenye gari la Genty. Vashti akarudia, bila kumtazama Genty: "Mimi mwenyewe."

Jumatatu Genty aliliona pikapu la Vashti kupitia dirisha la ofisi. Delaia alishuka, akavuta soksi juu, akaingia getini hakugeuka nyuma. Genty akafurahi, akafurahi sana, halafu akatembea ukumbini huku na huko asubuhi nzima asijue anatafuta nini. Mchana alishindwa, akaendesha mpaka kwenye matrela, akamkuta Vashti nje, kwenye kamba ya nguo.

"Kaingia vizuri," alimwambia Vashti.

"Najua. Si nimemleta? Chai utakunywa?"

"Nitakunywa."

Vashti hakuligusa kabati la vioo. Aliinama, akafungua kijikabati cha nje chini ya ngazi, akatoa kikombe cheupe kinene. Genty alikitambua. Mama yake mwenyewe alikuwa nacho cha namna hiyo, kimetengwa, kinaoshwa peke yake: cha mtu wa gesi, cha askari, cha yeyote wa nje aliyestahili kukaribishwa.

"Maziwa?" aliuliza Vashti, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Kidogo."

Akanywa amesimama. Chai ilikuwa nzuri, kali, kama anavyoipenda. Vashti alirudi kwenye kazi yake, akawa anaanika mashuka na kumhadithia jinsi Delaia alivyoamka kabla ya jogoo. Genty alicheka panapochekesha. Chai ilipokwisha aliendelea kukishika kikombe kwa mikono yote miwili, akatazama ngazi, akatazama meza ya pale nje, akatazama majani, asijue akiweke wapi.