Huyo Siye Fidel

Mume wangu Salvatory ana wivu, na silisemi hilo kwa siri kwa sababu Ifakara nzima inalijua. Si wivu wa mapenzi, huo ningeuelewa. Anamwonea wivu Fidel, yule mwanamuziki anayeonekana kwenye runinga kila siku, ambaye zamani walipiga gitaa pamoja hapa mjini kwenye harusi na sherehe za kipaimara. Fidel akaenda Dar, akawa Fidel. Salvatory akabaki, akawa mtu aliyemfundisha Fidel. Tangu hapo redio ikipiga wimbo wake nyumbani kwetu inazimwa, na jina lake likitajwa wakati wa kula, mtu anasukuma sahani.

Mwaka huu Fidel akafanya ziara ya nchi nzima: malori, jenereta, majukwaa mawili, moja likitumika mji huu lingine linasimamishwa mji unaofuata. Dada Agnella, mwenye duka la mbolea, akapata habari kwamba kati ya Morogoro na Iringa walikuwa na Jumatano tupu. Malori yakilala bila kazi, mafundi wanakula na kulipwa vilevile, kwa hiyo meneja alikuwa tayari kuiuza siku hiyo kwa bei ya chini. Fidel analipwa chake chote kabla gari halijawashwa, na sisi tunabaki na viingilio. Uwanja ukijaa, faida yetu. Ukiwa mtupu, hasara yetu.

Niliuza mpunga wangu wote nikaingia ubia na dada Agnella. Shamba ninalokodi kila msimu kule Mchombe, mwenyewe alikuwa analiuza, na hela ya mpunga peke yake isingetosha kulinunua. Nikasema liwalo na liwe.

Salvatory nilimweleza yote. Aliitikia mmh, mmh, lakini nilipotaja jina la Fidel masikio yakaziba.

"Kwa hiyo anakuja kuzoa hela za Ifakara," akasema.

"Zake keshazichukua, baba Jenifer. Za mlangoni ni zetu."

"Za mlangoni ni zake. Kwani watu wanamfuata nani, wewe?"

Nikamwacha.

Sasa, Ifakara tulishapigwa. Mwaka juzi lilibandikwa bango la msanii mkubwa, watu wakalipa, akapanda jukwaani kijana mwingine kabisa aliyevaa miwani kama yake. Tangu siku hiyo mtu wa hapa hanunui tiketi mpaka amwone msanii kwa macho yake. Ndiyo maana tulimwomba meneja ampitishe Fidel mjini mchana kwenye gari la wazi, naye akakubali, mafuta juu yetu.

Jumatano mchana nilikuwa na meza yangu ya tiketi karibu na soko. Watu wamejaa, hela wamezikunja viganjani. Gari likaja. Fidel amesimama nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye miwani, tena amenenepa kuliko anavyoonekana kwenye runinga. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Muulizeni Salvatory. Yeye ndiye anayemjua."

Wakamgeukia. Alikuwa kwenye kibanda cha chipsi, mikono mfukoni, na nikamwona anavyojinyoosha. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza neno mbele ya umati.

Fidel naye akamwona. Akavua miwani, ambayo kwenye runinga haivui kamwe, akaita kwa nguvu, "Kaka Salva! Shikamoo, kaka!"

Kila mtu alisikia. Kwetu hata adui yako akikupa shikamoo unaiitikia, kununa utanuna baadaye. Salvatory hakuitikia. Aliwageukia watu, akasema taratibu, "Huyo siye Fidel. Nimepiga naye gitaa miaka mingi. Huyu wamemfundisha jina langu."

"Ni Fidel!" nikapiga kelele. "Baba Jenifer, sema ukweli!"

"Mama, wewe unauza tiketi," dereva mmoja wa bajaji akanijibu. "Ulitaka useme nini?"

Watu wakacheka, hela zikarudi mifukoni.

Jioni walikuja wachache, wengi wao wanafunzi wa chuo. Fidel aliimba nyimbo zake zote, hakuruka hata moja. Alipomaliza akaja kunishika mkono. "Pole, shemeji," akasema. "Hivi kaka ana nini na mimi?" Malori yakafunga turubai yakaondoka. Dada Agnella alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda ambazo hazikununuliwa. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Asubuhi nilimkuta Salvatory ameshaamka, amenichemshia chai. Sikumbuki mara ya mwisho alinichemshia chai.

"Amepata hasara?" akauliza.

"Nani?"

"Fidel."

Nikamweleza tena, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Fidel hakupoteza hata shilingi. Tuliopoteza ni mimi na dada Agnella. Mpunga umekwenda. Shamba la Mchombe analinunua Raimundi, mkulima mwenzangu, wiki hii, na msimu ujao nitakwenda kumwomba yeye anikodishe.

Niliona yanavyomwingia kidogo kidogo, mpunga, shamba, halafu mimi mwenyewe niliyekaa mbele yake na macho mekundu. Nikangoja aniombe radhi. Mungu ni shahidi, nilikuwa tayari kumsamehe.

Akasogeza kikombe, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini aliniulizia?"

"Aliuliza una nini na yeye."

Akatabasamu. Akainamisha uso ili nisimwone, lakini nilimwona, tabasamu la kijana aliyepata salamu kutoka kwa mchumba. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumtoa Salvatory tabasamu kama lile, na hapo, chai ikinipoa mkononi, ndipo na mimi nikaanza kumwonea Fidel wivu.