Ndege Rahisi ya Kwenda Dubai

"Nitafutie nyingine," Donatus alisema kutoka Dubai. "Rahisi, mwanangu. Rahisi kama ile ya kwanza."

Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yakirushwa angani kwa muziki na watu wakishangilia. Mimi nilikuwa Kalangalala, mjini Geita, ndani ya kiofisi cha tiketi chenye feni moja inayolalamika, na kwenye kompyuta yangu bei za ndege zilikuwa zinapanda huku nikizitazama. Nilitabasamu. Ninalisema wazi, kwa sababu wapo watakaotaka nijute kidogo ili hadithi iwe na adabu. Sikujuta. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

"Ipo ya kesho asubuhi, Baba Blessing," nikamwambia, kisha nikamtajia bei.

Muziki wa watu wengine ukaendelea.

"Hiyo si nauli," akasema mwishowe. "Hiyo ni mahari."

Miaka mingi kabla ya simu hiyo, Donatus alichimba duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, katikati ya shamba la mihogo la mama yangu kule Nyarugusu. Walikubaliana mbele ya mwenyekiti wa kijiji: duara likitema dhahabu, mwenye duara atapata fungu lake, wachimbaji lao, na mwenye shamba lake. Na kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Mifuko ya mawe ikishapanda yote, inagawiwa kabla jua halijazama, maana usiku wezi nao huja kuchukua fungu. Asiyesimama pale mdomoni mwa duara hapati kitu. Mwakilishi hapokelewi. Wawakilishi walipigwa marufuku tangu duara moja lilipopata wajomba wengi kuliko mifuko.

Duara lilipokaribia kutema, Donatus alikuja nyumbani kwetu na uso wa msiba.

"Mama Hosiana, nimepigiwa simu kutoka Kahama. Dada yako wa Nyahanga amezidiwa. Wahi, usije ukamkuta amefunikwa."

Akampa nauli. Akambebea na mfuko hadi kwenye basi. Mama alilia njia nzima, na alipofika alimkuta dada yake uani, anapepeta mchele na kumcheka jirani.

Saa hizo mimi nilikuwa nimesimama mdomoni mwa duara, nimevaa sare ya shule, nasema nipo kwa niaba ya mama.

"Haka katoto nako kana shamba?" Donatus akawauliza watu. Watu wakacheka.

Mama aliporudi palikuwa na vumbi na alama za magurudumu tu. "Sheria si yangu, Mama Hosiana," Donatus akamwambia. "Karibu wakati mwingine."

Mihogo ilikuwa imefukiwa na kifusi. Basi mama yangu akaketi juu ya shamba lake mwenyewe, nyundo mkononi, akiwapondea watu wengine mawe kwa ujira wa siku. Sauti ile ya ko, ko, ko ndiyo iliyonilipia ada hadi chuo. Wenzangu walipokuwa wanaota kazi na wachumba, mimi nilikuwa namwota Donatus.

Kwa hiyo siku alipoingia ofisini kwangu, tumbo likitangulia, moyo wangu haukushtuka. Ulikaa mkao.

"Hosiana! Umekuwa dada kweli kweli. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anaponda mawe."

"Kazi ni kazi," akasema, akavuta kiti.

Alikuwa amenitambua na hakuona aibu. Alitaka Dubai, si kuuza dhahabu, kustarehe. Wenzake walishakwenda na kurudi na picha: wamepanda ngamia mchangani, wameshika viuno juu ya jengo refu kupita mawingu, wanateleza kwenye barafu ndani ya ukumbi huku nje jangwa linaungua.

"Na mimi nikaione hiyo barafu. Lakini usininyonye. Nimeambiwa wewe ndiye bingwa wa tiketi za bei rahisi."

Donatus na bei rahisi walizaliwa tumbo moja. Mchimbaji wake mmoja, Fredy, alipovunjika mguu ndani ya duara, alimpelekea soda. Moja. Na akakaa kusubiri chupa.

Nikamwomba anipe siku chache, bei zishuke. Alipotoka nikampigia Masele, msimamizi wa wachimbaji wake pale pale shambani kwa mama, kaka yake Fredy.

"Mwangaluka, dada," akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka. Mwamba unasemaje?"

Akashusha sauti. "Umeonyesha dhahabu. Tumeupaka tope. Akishuka yeye anaona ukuta tu."

"Mnaweza kuvumilia mpaka lini?"

"Mpaka apande ndege," akasema, akacheka kwa pua.

Kutafuta ndege rahisi ni kazi ya uvumilivu. Msafiri anakubali kuondoka siku wasiyoipenda wengine, anakubali kupitia miji asiyo na haja nayo na kusinzia kwenye viti vya chuma. Juu ya yote anakubali kwamba tiketi hiyo haibadilishwi wala pesa yake hairudishwi. Niliipata. Nilimsomea Donatus masharti yote polepole, kama karani wa mahakama.

"Umeelewa, Baba Blessing? Ukitaka kurudi mapema, itabidi ununue nyingine."

"Nirudi mapema nikafanye nini? Wewe kata tiketi."

Nikakata.

Alipofika Dubai, Masele aliosha tope. Mifuko ikaanza kupanda. Mpishi wa pale machimboni, mtu pekee aliyempenda Donatus, akamtonya, na ndipo Donatus akanipigia simu akiwa mbele ya maji yanayocheza. Ugawaji ulikuwa keshokutwa. Ndege ya asubuhi ingemfikisha.

Kisasi nilichokitaka kilihitaji mikono safi. Kwa hiyo nilimtafutia kweli, kwa bidii kuliko nilivyowahi kumtafutia mteja yeyote. Hapakuwa na nyingine.

"Ipo ile ile ya asubuhi," nikamwambia jioni. "Imepanda kidogo."

"Ngoja ishuke."

"Saa za mwisho huwa hazishuki, Baba Blessing."

"Wewe ngoja. Nawajua wafanyabiashara." Kisha, baada ya kufikiri: "Hawana kiti cha kondakta?"

Kesho yake akapiga tena. "Haya. Nunua hiyo hiyo, mwanangu. Nunua."

"Imeshaondoka."

Siku ya ugawaji niliomba ruhusa kazini. Mama alikuwa mdomoni mwa duara tangu jua linachomoza, amevaa kitenge chake cha kanisani. Masele alimletea kigoda, akakikataa.

"Nikiketi watasema sikusimama."

Mwenyekiti akaita, "Mwenye shamba?"

"Nipo," mama akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeomba airudie.

"Mwenye duara?"

Upepo ukapita juu ya mifuko. Mwenyekiti akaita tena, kama inavyotakiwa.

"Yuko kwenye barafu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kilima kizima kikacheka. Mama hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mfuko wa kwanza, jinsi mtu anavyopima joto la mtoto mgonjwa, na hakukiondoa mpaka fungu lake lote lilipopakiwa.

Donatus alirudi siku ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi yake. Alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja ofisini, pua imebabuka kwa jua la jangwani, kofia yenye picha ya ngamia kichwani. Mbele yangu alikuwapo mteja, akasogeza kiti pembeni alipomwona.

"Ulijua," Donatus akasema.

"Nilijua."

Niliyasubiri matusi, nilikuwa nimeyaandalia majibu tangu nikiwa na sare ya shule. Hayakuja.

"Pole na safari, Baba Blessing," nikamwambia.

"Asante," akajibu, kabla hajajizuia.