Udongo Mwekundu wa Chilangala

Gari lililotoka kijijini Chilangala lilikuwa limeshaiacha Newala na kuanza kuuteremka mlima. Salmini alikaa nyuma, juu ya magunia ya makopa ya muhogo, mkono mmoja umeshika kofia upepo usiinyakue, macho yake kwenye kidirisha kinachotazama mbele kwa dereva. Pale alikaa Hajira, mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, na mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Alikuwa ameegemea mlango. Kila gari lilipoingia shimoni kichwa chake kiliruka na kurudi, kama si chake.

Salmini alikuwa anamrudisha kwa mumewe Mahmudu, fundi cherehani wa Mkomaindo, huko Masasi. Hajira alikuja nyumbani mimba ilipoanza kuonekana, maana kwao mimba ya kwanza hulelewa upande wa mama. Na upande wa mama, dada akiwa kaburini, ulikuwa ni Salmini peke yake. Mmakonde haulizwi hili mara mbili. Baba ni mtu mwema, ana heshima zake, lakini mwenye mtoto ni mjomba.

Na Salmini alilea kweli. Asubuhi alikwenda na jembe nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwepo kabla ya nyumba yenyewe, akamega udongo mwekundu, akauanika kwenye ungo, akamletea mpwa wake. Dada yake aliula udongo ule akiwa na mimba, na mama yao kabla ya hapo. Hajira aliutamani mpaka mvua ikianza kulowesha ardhi mate yanamjaa. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu, navyo vyekundu. Salmini aliviweka kiganjani, akavinusa.

"Hivi na udongo wetu ni kitu kimoja," alisema. "Chekundu kwa chekundu. Ila chetu hakikutoka kiwandani. Kimetoka walipolala bibi zako."

Hajira akaviweka juu ya kabati, vikakaa huko.

Halafu uso wake ukaanza kufifia. Viganja vikawa vyeupe, miguu ikavimba. Kutoka jikoni hadi uani akawa anashika ukuta, na moyo wake ulidunda hivi kwamba, ukikaa karibu naye, unaona kanga inavyotikisika kifuani. Salmini aliona yote hayo, na kadiri mpwa wake alivyofifia ndivyo yeye alivyomega zaidi. Damu imepungua, basi na iongezwe. Mpaka Hajira alipoanguka uani akiwa na ndoo ambayo haikuwa hata na maji ndani. Hapo ndipo mzee alipotafuta gari. Na hata siku hiyo, kabla ya kuondoka, alimfungia mpwa wake fundo la udongo kwenye pindo la kanga, la njiani.

Mahmudu alipomwona mkewe anateremshwa alisema, "Shikamoo mjomba," na hakungoja marahaba. Alikimbilia nyumba ya jirani.

Jirani huyo ni Cecil, Mmakua wa Chidya, dereva wa bajaji, mtu wa makamo mwenye tumbo na sauti ya kanisani. Yeye na Salmini walikuwa watani, kama Wamakua na Wamakonde walivyo watani, na hawakuwahi kukutana pasipo matusi.

"Mmakonde! Leo umeshuka mlimani? Maji yamekwisha kabisa huko?"

"Washa chombo chako, Mmakua. Panya wa Chidya umewala ukawamaliza, sasa unamalizia mafuta ya watu."

Lakini Cecil alikuwa ameshamtazama Hajira. Aliendesha bila utani mpaka hospitali.

Nesi aliyewapokea, Yasinta, alimvuta Hajira kope la chini akatazama ndani, akamtoboa kidole, akapeleka damu kupimwa. Aliporudi alivuta stuli akakaa mbele ya Salmini, kwa kuwa Mahmudu mwenyewe, alipoulizwa, alimwonyesha mjomba.

"Baba, damu ya binti yako haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Moyo wake unabeba kazi ya mioyo miwili. Atatiwa damu leo. Chupa moja ipo. Ya pili itabidi itoke kwenu."

"Itatoka," alisema Salmini.

"Nataka kujua kilichoimaliza damu yake mwenyewe. Vidonge alikuwa anameza?"

"Alipewa."

"Kuna udongo anakula? Ule wa pemba wa sokoni, au wa ukutani? Niambieni tu, sipigi mtu."

Hajira alimwangalia mjomba wake. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mkono wake umelifunika lile fundo la kanga. Salmini alimwona anavyongoja. Akifungua mdomo, atasema nini mbele ya Mahmudu, mtoto wa watu? Kwamba kichuguu cha mama yake ndicho kilichomlaza mpwa wake hapa?

"Hapana," alisema. "Kwetu hatuli udongo."

Yasinta akatikisa kichwa, akainuka.

Pale mlangoni Cecil alipasuka kicheko, kile cha watani, ambacho hata msibani hakikatazwi.

"Hawali udongo! Nesi, usidanganywe na kofia. Hawa wanazikwa nusu nusu, nusu wakifa, nusu wanaimeza ardhi mapema wangali hai. Mtazame mtoto meno yake! Mekundu kama njia ya Newala. Na hiyo kanga, Mmakonde, mmefungia nini, sukari?"

Mahmudu aligeuka ukutani kwa aibu. Neno lile angelisema yeye, mkwe, angefukuzwa kwenye ukoo. Angelisema nesi, mzee angemchukua mgonjwa wake akaondoka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na wote walijua. Lakini mtani hakasirikiwi.  Salmini alimwinamia mpwa wake, akalifungua lile fundo kwa vidole vyake mwenyewe, na udongo ukamwagika kwenye shuka nyeupe.

"Namletea mimi," alisema. "Kila siku. Na vidonge nilimzuia mimi."

Yasinta hakumkemea. Alikunja shuka akaitoa.

"Mimba ikikua, baba, mwili wenyewe unaongeza maji kwenye damu, ili watoshe wawili. Ni kama mchuzi wageni wakizidi. Ukiongeza maji, uongeze na nyama, ndiyo vile vidonge. Udongo ukiwa tumboni unaishika ile nyama, haiendi kwenye damu. Na unaleta minyoo, nayo inakunywa kilichobaki. Rangi tu ndiyo nyekundu."

"Rangi tu," Salmini alirudia.

Kisha akakunja mkono wa kanzu. "Toa kwangu. Mimi ndiye mjomba. Damu yake na yangu ni moja."

"Umri wako umepita, baba. Haturuhusiwi."

"Nimekwambia ni damu moja!"

"Nimekusikia. Haturuhusiwi."

Mahmudu akapimwa, kundi lake halikumfaa mkewe. Hajira alitaka kundi O, si jingine. Salmini alibaki na mkono wake mwembamba wazi, kanzu imekunjwa, akawa kama mtu aliyekuja harusini na zawadi, akaambiwa arudi nayo.

"Jamani," alisema Cecil, "mimi ni O. Kanisani tulipimwa wote." Alikuwa ameshalala kitandani kabla ya kuambiwa. Sindano ilipoingia akafumba macho, na sauti ilimpungua kidogo. "Mmakonde. Huyu mtoto akipona akaanza kula panya, usinilaumu."

Salmini alikaa karibu na kitanda cha mtani wake, akamshikia ule mkono mwingine. 

Damu iliingia yote, ya chupa na ya Cecil. Hajira alipata nguvu ya kukaa, na ya kuomba uji. Lakini mtoto hakuwa amengoja. Alizaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo wa kubebwa kwa viganja, akapumua mpaka adhuhuri. Walimpa jina la marehemu bibi yake, wakamzika Masasi. Cecil aliingia kaburini kwanza, akalala chali akakataa kutoka mpaka apewe kofia ya Salmini, kama haki ya mtani. Salmini aliivua akampa.

Hajira yu hai. Alizaa tena mvua za mwaka uliofuata, mvulana, na vidonge alivimeza mbele ya mumewe. Mahmudu bado anashona Mkomaindo. Yasinta alihamishwa wilaya nyingine. Cecil aliuza bajaji, akarudi Chidya kulima; ile kofia anaivaa Jumapili. Salmini alikufa Chilangala kiangazi kilichopita, kwa homa fupi. Mpaka anakufa alitembea kichwa wazi. Kichuguu hakikubomolewa, ila jembe halikupelekwa tena pale.